Nafasi Tupu ya Bwawa Nayo ni Akiba
Hotuba kwa watumiaji wa huduma ya maji, Mkuyuni, Mwanza



Tunazungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa kawaida huamuliwa mbali na mtumiaji, ingawa matokeo yake humfikia mlangoni. Jambo hilo ni matumizi ya nafasi iliyo ndani ya bwawa.

Mabwawa mengi makubwa duniani hugawanywa mafungu mawili. Fungu la chini huwekwa maji ya matumizi: ya kunywa, ya kumwagilia au ya kuzalisha umeme. Fungu la juu huachwa tupu kwa makusudi, ili mvua kubwa ikinyesha, maji yapate pa kusubiri badala ya kuwashukia watu walio chini ya bwawa. Miji inapokua na kiangazi kinapokuwa kirefu, huzuka hoja kwamba fungu hilo tupu lijazwe, liwe akiba ya maji. Hoja hiyo ina mvuto, kwani hakuna ukuta mpya wa kujenga wala kijiji cha kuhamisha. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini nafasi tupu nayo ni akiba. Ni akiba ya usalama. Anayeijaza hapati kitu bure, bali anabadilisha kinga moja kwa nyingine.

Mfano ulio wazi ni bwawa la Wivenhoe, lililo juu ya jiji la Brisbane nchini Australia. Lilijengwa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 1,165 za maji ya matumizi, na juu yake nafasi ya mafuriko ya takriban mita za ujazo milioni 1,450. Baada ya ukame wa miaka mingi, mvua za Januari 2011 zilijaza sehemu kubwa ya nafasi hiyo ya mafuriko kwa siku chache. Ilibidi maji mengi yaachiwe, na jiji likafurika licha ya nafasi hiyo yote. Mwezi uliofuata, wakuu wa huko walipunguza kwa muda akiba ya maji ya matumizi hadi asilimia 75, ili waongeze nafasi ya mafuriko. Watu waliotoka kulilia maji sasa walikuwa wanayamwaga kwa hiari.

Pengine mtauliza: hayo yanatuhusu nini sisi wa Mwanza, ambao hatuna bwawa bali ziwa? Yanatuhusu sana. Tangu mwaka 1954, lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls mjini Jinja, Uganda, ambalo leo huitwa Nalubaale, maji yanayotoka Ziwa Victoria kuingia Mto Nile hupita katika malango ya binadamu. Kwa hiyo ziwa letu nalo ni bwawa, na nafasi iliyo kati ya maji na nyumba zetu ndiyo fungu lake la mafuriko.

Kanuni iliyowekwa ni kwamba kiasi kinachoachiwa Jinja kifuate kimo cha ziwa, kama maji yangalivyotiririka yenyewe kabla ya ukuta kujengwa. Ziwa likipanda, huachiwa mengi; likishuka, huachiwa machache. Mwaka 2005 na 2006 ukame uliungana na uachiaji uliozidi kanuni hiyo, ziwa likashuka sana, na fukwe zikasogea mbali na mabomba ya kuvuta maji na magati ya boti. Kisha mvua zikageuka. Mei 2020 ziwa lilirudia kimo kilichowekwa kumbukumbu mwaka 1964, na Mei 2024 likakipita. Maji yaliingia katika mialo, mashamba na makazi ya pwani za nchi zote tatu.

Katika hali hiyo husikika mawazo mawili yanayopingana. Mmoja husema maji yafunguliwe kwa wingi ili ziwa lishuke. Mwingine husema yazuiwe, yawekwe akiba ya ukame ujao. Wote wawili wanasahau kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Malango ya Jinja hayawezi kuizuia mvua hiyo. Ziwa likikutwa limejazwa kwa makusudi, anayelipa ni mkazi wa ufukweni; likikutwa limekaushwa kwa makusudi, anayelipa ni anayetegemea pampu.

Tufanye hesabu. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Sentimita moja tu ya kimo chake ni takriban lita bilioni 688. Mtambo wa maji wa Butimba, jirani zenu, ulijengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Kwa kiwango hicho, sentimita moja ya ziwa ingeutosha mtambo huo kwa siku zaidi ya 14,000, yaani takriban miaka 39.

Maana yake ni hii: bomba la Mkuyuni likikauka, sababu si uhaba wa maji ziwani. Sababu hutafutwa katika uwezo wa pampu, umeme wa kuziendesha, matangi ya kupandishia maji milimani, upana wa mabomba na maji yanayovuja njiani. Kwa hiyo, yeyote atakayewaambia kwamba lazima ziwa lipandishwe ndipo Mwanza ipate maji, mwombeni hesabu.

Kwa msingi huo tunawashauri mambo manne.

Kwanza, mpango wowote wa kubadili matumizi ya nafasi ya bwawa ukiletwa mbele yenu, ulizeni: nani atapata maji zaidi, nani atabeba mafuriko, na nani atamlipa aliyebeba? Mpango usiojibu swali la pili haujakamilika.

Pili, hudhurieni mikutano ya taftishi ya bei za maji. Hapo ndipo mtumiaji anapoweza kuuliza fedha zake zinaelekezwa wapi: kwenye chanzo kipya, tangi, au kuzuia upotevu. Masuala ya kimo cha ziwa na vibali vya kuchukua maji yapelekeni katika Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yamo humu Mwanza.

Tatu, heshimuni mita 60 kutoka ukingo wa maji, zilizotajwa katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ziwa linaposhuka, ardhi iliyofunuliwa huonekana kama kiwanja. Si kiwanja, bali ni nafasi ya mafuriko iliyo wazi kwa muda. Aliyejenga humo kiangazi amejenga ndani ya bwawa. Choo kilichochimbwa humo, maji yakirudi, humwagika katika maji yale yale tunayoyavuta kwa ajili ya kunywa.

Nne, huduma ikikatika mara kwa mara, wasilisheni malalamiko kwa maandishi kwa mamlaka yenu ya maji kwanza, mkitaja namba ya dira na tarehe za mgawo, na mtunze nakala. Msiporidhika, yapelekeni EWURA.

Ndugu wananchi, maji ya akiba na nafasi ya mafuriko hukaa katika chombo kimoja, na kila kinachoongezwa upande mmoja hupunguzwa upande wa pili. Kugawa chombo hicho si kazi ya wahandisi peke yao, kwa kuwa atakayelowa na atakayepata kiu ni mtumiaji. Tunawaomba muwepo mgao huo unapofanywa.