GUNDI YA SAKAFU YA MBAO

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo dogo liwezalo kuharibu mali nyingi, nalo ni gundi ya kubandikia mbao juu ya sakafu ya zege.

Zamani za misafara taabu hii haikuwako. Tembe ya Kwihara, karibu na Tabora, walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ilijengwa kwa udongo; na wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walilala juu ya ardhi. Unyevu ukipanda kutoka chini, ulitoka juu ukaenda zake. Siku hizi mwenye nyumba humwaga zege, kisha hutamani kulipamba kwa mninga, mti ulio fahari ya misitu ya Tabora. Zege likifunikwa kwa mbao, unyevu hukosa njia ya kutokea.

Mimi ni seremala, na somo hili nililipata kwa kosa langu mwenyewe. Mwezi wa Septemba nilibandika mbao za mninga juu ya zege lenye umri wa wiki sita tu. Kwa macho lilikuwa kavu kabisa. Nikatumia gundi nyeupe ya maji, ile tuitumiayo kwa viti na meza. Mvua za Desemba zilipofika, mbao zilivimba, zikaachana na sakafu, zikainuka kama mtumbwi uliopinduliwa. Nalizing'oa mbele ya mwenye nyumba, nikamlipa. Mti uliokua miaka makumi ulipotea kwa ajili ya kopo moja la gundi.

Basi kabla ya kuuliza habari ya gundi, uliza habari ya maji. Mafundi hukadiri siku moja kwa kila milimita ya unene wa zege, hata kufikia milimita 50. Likizidi hapo, kila milimita yataka siku nyingi zaidi, na wakati wa mvua huchelewa tena. Twaa kipande cha plastiki, upana wake nusu mita, ukibandike sakafuni kwa utepe kingo zote, ukiache siku mbili. Ukiona matone chini yake, au zege limegeuka rangi, ngoja. Usipoona kitu, usijitape bado. Kwa kazi kubwa tafuta chombo cha kupimia unyevu.

Sasa tuchague. Sherisi ya ngozi na mifupa hulegea kwa maji. Iache kwa samani. Gundi nyeupe ina maji ndani yake, na mbao huyanywa. Lami ya moto ilitumika sana zamani kwa vipande vidogo vya mbao, lakini gundi nyingi za sasa hazishiki vema juu ya mabaki yake. Ifaayo ni gundi ya poliyurethani, isiyo na maji, inayobaki na mnepo baada ya kukauka. Mbao zikipanuka masika na kusinyaa kiangazi, gundi hiyo hufuatana nazo. Hata mbao za tabaka, zilizopishanishwa nyuzi na kufunikwa juu kwa mti mgumu, hucheza, ingawa kidogo kuliko ubao mzima. Soma maneno ya kopo: sharti yataje mbao na zege, na kiasi cha unyevu kinachovumilika.

Mwisho, fagia vumbi lote. Nta ya nyuki wetu yang'arisha uso wa mbao, lakini chini ya gundi ni adui. Tandaza gundi kwa mwiko wenye meno, acha nafasi ya milimita 10 kando ya kuta, vaa mifuko ya mikono, fungua madirisha.

Mpagazi mwenye busara hukagua kamba ya mzigo kabla ya kuondoka kambini, maana njiani ni kuchelewa. Nanyi kagueni sakafu kabla ya kufungua kopo.