Mwenye Mti na Mwenye Ardhi: Kwa Nini Nilichagua Sheria



Mmeniuliza kwa nini nilichagua sheria. Nilivutwa na lugha. Kwetu Mafia mtu aweza kumiliki minazi iliyo katika shamba la mwingine: mti una mwenyewe, na ardhi ina mwenyewe. Kanuni kongwe ya sheria ya Kiingereza haikubali hivyo. Kwayo, kilichopandwa ardhini hufuata ardhi. Katika ujana wangu, Mahakama ya Mwanzo ilisikiliza mashauri kwa Kiswahili, lakini hukumu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Hivyo aliyeshindwa aliweza kurejea Kilindoni na karatasi asiyoielewa. Nilitaka mtu huyo ajisomee mwenyewe sababu za kushindwa kwake.

Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba aliandika hukumu kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu, Musoma. Mwaka 2021 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hata hivyo, kutafsiri istilahi za Kiingereza pekee hakutoshi, kwani tutatafsiri pia mipaka yake. Wanaisimu, anzeni na maneno ya wazee wanaodai minazi yao. Humo imo sheria inayongoja kuandikwa.