Sindano, Sahani na Daladala: Kisukari na Saa za Mlo Kinondoni



Tuanze saa kumi na moja alfajiri. Hiyo ndiyo saa anayoamka fundi ujenzi anayekaa Tandale na kufanya kazi Bunju. Kliniki imemwambia achome insulini nusu saa kabla ya chai. Chai yenyewe hanywi nyumbani; ataikuta kwa mama ntilie karibu na saiti, saa mbili au saa mbili na nusu. Katikati kuna Barabara ya Bagamoyo na foleni yake. Akichoma kabla ya kutoka, sukari inaweza kumshuka akiwa amesimama ndani ya daladala, anatoka jasho, mikono inatetemeka, na abiria wenzake wanadhani amelewa. Akitaka kuchomea saiti, chupa ataihifadhi wapi, na atafunua tumbo mbele ya nani? Wengi hulitatua jambo hili kimyakimya: hawachomi.

Nilicho nacho cha kusema leo ni hiki. Ratiba ya matibabu ya kisukari tunayoitoa katika mkoa huu wa Dar es Salaam imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye jiko lake, friji lake na saa zake mwenyewe. Mtu huyo yupo, anakaa Masaki au Mbezi Beach. Mtaani kwetu walio hivyo ni wachache.

Kwanza tuone kisukari kimesambaa kiasi gani nchini. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya upimaji wa vijijini: kisukari kwa watu wazima hakikufika asilimia 1. Katika miaka ya 1990 watafiti wakalinganisha Ilala na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Ilala ilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake, Shari 1.7 na 1.1. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ukatoa asilimia 9.1. Vipimo havikuwa vya aina moja, kwa hiyo msizipange namba hizi kama ngazi. Hata hivyo mji umeacha alama yake. Utafiti mwingine uliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam, na ndani ya mwaka mmoja wa kwanza kazi za kutoa jasho zilipungua sana na uzito ukaongezeka kwa zaidi ya kilo 2. Mwaka mmoja tu.

Sasa turudi kwenye chupa ya insulini. Insulini inayotumiwa na wagonjwa wetu wengi ni ya mchanganyiko, 30 kwa 70. Sehemu ndogo huanza kazi baada ya kama nusu saa, na ndiyo inayopokea chai na kitafunio. Sehemu kubwa hufanya kazi polepole na kupata nguvu kuanzia mchana. Maana yake ni kwamba anayechoma asubuhi ameshauweka mwili wake rehani kwa chakula cha mchana. Kile chakula si hiari tena. Bosi akisema leo hakuna kupumzika mpaka zege liishe, insulini haimsikii bosi. Kipimo cha sukari kikionyesha chini ya 4 (mmol/L), au mgonjwa akihisi dalili na hana mashine, dawa ni sukari ya haraka: vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha apime tena baada ya dakika 15 na ale kitu cha kushiba. Asiyeweza kumeza asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali. Kila anayechoma insulini atembee na sukari mfukoni, na kondakta wa daladala afundishwe dalili hizi kama anavyofundishwa nauli.

Kuna hofu moja nisiyotaka kuipuuza: kwamba ukishaanza sindano, basi. Tusiwacheke wanaosema hivyo. Kwa miaka mingi watu waliona kwa macho yao jirani akianzishiwa insulini na baada ya muda mfupi akazikwa. Waliona sawasawa, ila sababu ndiyo iliyokuwa nyingine. Sindano ilikuja wakati figo zimechoka, mguu umeoza, au mgonjwa amefikishwa na ketoasidosisi, ile hali ya damu kujaa tindikali kwa kukosa insulini. McLarty na wenzake waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,200 walioandikishwa Muhimbili kuanzia 1981, na kwa wale waliohitaji insulini, ketoasidosisi na maambukizi ndiyo yaliyoongoza kuua. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipochomwa insulini kwa mara ya kwanza huko Toronto, mtoto mwenye kisukari alinyimwa chakula ili aongezewe siku, kisha akafa akiwa mifupa mitupu. Sindano iliyomwokoa Thompson ndiyo hiyo tunayoiogopa Mwananyamala.

Na joto? Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumbani kwa wiki nne hivi, lakini Januari yetu chini ya bati si joto la kawaida. Wapangaji wa chumba kimoja wasio na friji wanaweza kutumia chungu: chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, ndani yake kidogo kikavu, kimefunikwa kitambaa chenye unyevu, mahali penye kivuli na upepo. Hakifikii friji, lakini hushusha nyuzi kadhaa, na nyuzi hizo ndizo zinazotakiwa. Anayeomba hifadhi kwenye friji la duka la jirani aangalie chupa isiguse barafu, maana insulini iliyoganda hutupwa hata ikirudi kuwa maji.

Chakula ndicho kinachozungumzwa zaidi na kueleweka kidogo. Mgonjwa huacha sembe, akahamia dona, kisha akala mlima wa dona kwa amani. Dona ina pumba, na pumba husaidia, lakini wanga uliomo ni wanga. Ndivyo ulivyo uji wa lishe wa nafaka saba, ndivyo ilivyo juisi ya embe "isiyotiwa sukari", ndivyo ilivyo asali. Swali la kwanza ni kiasi gani, halafu ndiyo aina gani. Nendeni kwa mama ntilie yeyote pale Mwananyamala mtazame sahani: wali umejaa, maharage yamemwagwa juu, kipande cha samaki, na mchicha wa kijiko kimoja pembeni kama pambo. Kliniki inataka mboga zijaze nusu ya sahani, wanga robo, samaki au maharage robo. Basi mwambie mama: nipunguzie wali, niongezee mchicha. Hakatai, mchele ni ghali kuliko mchicha. Kuacha sukari kwenye chai hakugharimu hata senti. Muhogo wa kuchemsha kipande kimoja badala ya vitumbua vitano, chungwa zima badala ya glasi ya juisi: hayo yako ndani ya uwezo wa fundi wa Tandale.

Siungi mkono sufuria ya pembeni, ile ya "chakula cha mgonjwa". Inamtenga mtu, inaongeza mkaa, na haidumu mwezi. Nyumba nzima ile kama anavyotakiwa kula mgonjwa; watoto hawatapungukiwa kitu. Na tukizungumzia nyumba, tumwangalie mama. Baba mwenye kisukari hupakuliwa kwa wakati. Mama mwenye kisukari amechoma saa moja jioni, bado anageuza samaki, anapakulia wakubwa, anapakulia wadogo, anafuta meza, na saa tatu ndipo anapokaa mbele ya kilichobaki. Sukari ikimshuka usiku tunamwandika kuwa hafuati masharti. Mama huyu apakue sahani yake kwanza, na mumewe ndiye wa kulitamka hilo.

Kwa wanaofunga Ramadhani: mwone daktari kabla ya mwezi kuandama, dozi hubadilishwa, na kipimo kikishuka chini ya 3.9 fungua hapohapo.

Vidonge sitavizungumzia sana. Metformini huliwa pamoja na chakula. Tumbo likivuruga wiki za mwanzo, mwambie daktari apunguze na kupandisha taratibu, usiache. Glibenklamidi na tumbo tupu haviendi pamoja, na kwa wazee hushusha sukari kwa saa nyingi, hasa figo zikiwa dhaifu. Shirika la Afya Duniani limeshaona kwamba aliyevuka miaka 60 anafaa kupewa dawa nyingine ya kundi la glibenklamidi.

Lakini miguu nitaizungumzia kwa kirefu. Kisukari kikikaa muda mrefu huua hisia za nyayo. Mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa hapa Dar es Salaam walieleza katika jarida la kitabibu habari za wagonjwa wao waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Hawakusikia. Waliamka wakakuta damu kwenye shuka. Mkaazi wa bonde la Msimbazi hahitaji kuelezwa panya wanatoka wapi. Kwa hiyo, wapendwa, kila usiku nyayo zikaguliwe kwa kioo au kwa macho ya mtoto, mabaki ya chakula yatolewe chumbani, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Chandarua hicho kinazuia zaidi ya mbu.

Wauguzi, kabla ya kuandika dozi ulizeni mgonjwa anakula saa ngapi, anapikiwa na nani, na insulini yake inalala wapi. Muda wa kuuliza ni mfupi kuliko wa kumpokea akiwa hajitambui. Manispaa, tufungulieni kliniki ya sukari Jumamosi, ili kibarua asichague kati ya dawa na ujira wa siku. Nanyi wagonjwa, wiki hii andikeni kwenye madaftari yenu ya kliniki saa mnazokula kweli, si zile mnazodhani daktari angependa kuzisikia, na mzipeleke kliniki hivyohivyo zilivyo.