Mkono Stadi Pekee Hautoshi: Masharti ya Kusomea Shahada ya Sanaa na Ubunifu

Matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za upili, Kaunti ya Machakos



Wamunyu ikitajwa popote nchini, watu hukumbuka vinyago. Mwenyeji wa huko, Mutisya Munge, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani na ujuzi wa kuchonga. Ujuzi huo ulienea kwa jamaa na majirani, hadi wachongaji Wakamba wakafungua karakana zao Nairobi na Changamwe, Mombasa. Wakati huo hakuna aliyeulizwa cheti. Kazi ya mikono ilijieleza yenyewe.

Kijana wa leo anayetaka shahada ya sanaa na ubunifu anakutana na mlango wa aina nyingine. Matokeo ya KCSE yakishatoka, kuna mzazi anayeuliza: "Mtoto huyu anachora kuliko wote shuleni, mbona hakuitwa chuo kikuu?" Jibu ni chungu lakini ni rahisi. KUCCPS, shirika linalowateua wanafunzi wa kujiunga na vyuo, haliangalii michoro ya mwanafunzi. Linaangalia gredi.

Sharti la kwanza: C+

Ili kuteuliwa kusomea shahada, mwanafunzi anahitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE, yaani angalau pointi 46 kati ya 84. Tangu mtihani wa 2023, wastani huo hupatikana kwa kujumlisha Hisabati, lugha moja (Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara) na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi. Kwa hivyo kijana mwenye kipaji anayeitupa Hisabati kwa kusema "mimi ni msanii" anajiumiza mwenyewe. Akipata A katika somo la Sanaa na Ubunifu na wastani wa C, hatateuliwa kusomea shahada.

Sharti la pili: masomo ya klasta

Kufikisha C+ hakumpi mtu nafasi moja kwa moja. Kila programu ina klasta yake ya masomo manne, na jumla ya pointi zake ni 48. Tuseme wanafunzi wawili wana pointi 46 kila mmoja, lakini katika masomo manne ya klasta mmoja ana 36 na mwingine 30. Nafasi zikiwa chache, wa kwanza ndiye atakayetangulia.

Programu za sanaa nazo hazifanani. Kuna sanaa za uchoraji na uchongaji, kuna ubunifu wa michoro ya matangazo na vitabu, kuna mitindo ya mavazi, kuna mapambo ya ndani ya nyumba. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Idara ya Sanaa na Ubunifu, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha Sanaa. Vyuo vingine pia vina programu zao. Kabla ya kujaza chaguo lolote, mwanafunzi afungue tovuti ya KUCCPS na asome mambo matatu kuhusu programu hiyo: masomo manne ya klasta, gredi ya chini inayotakiwa katika kila somo, na pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliotangulia. Akitumia saiba, akae mwenyewe mbele ya kompyuta. Nenosiri lake asimwachie mtu.

Shule nyingi hazifundishi Sanaa na Ubunifu. Mwanafunzi wa shule kama hiyo asikate tamaa kabla ya kusoma masharti. Aangalie kama programu anayoitaka inalidai somo hilo, au inakubali lingine badala yake.

Aliyekosa C+

Kwa stashahada, alama inayohitajika ni C-. Kwa cheti cha ufundi, ni D. Anayemaliza stashahada vizuri anaweza kuomba shahada katika chuo kikuu kinachoitambua. Ombi hilo hupelekwa chuoni moja kwa moja, na ni vyema kuuliza mapema kuhusu karo na kama masomo aliyokwisha kufanya yatahesabiwa.

Njia hii haina aibu. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi anayejulikana duniani kote, alianza kwa kusomea sanaa ya biashara katika chuo cha ufundi cha Kabete. Alikwenda Uingereza mwaka 1971, akasoma hadi shahada ya uzamili katika Royal College of Art, London, mwaka 1982. Hata Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopewa hati yake mwaka 2016, kilianza kama taasisi ya mafunzo ya kiufundi.

Folda ya kazi

Ingawa KUCCPS haiombi michoro, kijana asiache kuweka kazi zake pamoja. Vyuo vingi vya ng'ambo huomba folda hiyo kabla ya kumkubali mwanafunzi wa sanaa, na waajiri huiuliza pia. Aweke kazi chache zilizo bora, kila moja na tarehe yake, pamoja na michoro ya majaribio inayoonyesha alivyofikia wazo lake. Kiondo alichobuni mwenyewe au kinyago alichochonga kwa babu yake vina nafasi humo. Avipige picha mchana, penye mwanga mzuri.

Kwa wazazi wa sekondari msingi

Chini ya mtaala mpya, mwanafunzi huchagua mkondo anapoingia Gredi ya 10, na mmoja wa mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Uamuzi huo sasa unafanywa mapema kuliko zamani. Mzazi asimzuie mtoto kwa kudhani sanaa ni mchezo, wala asimsukume huko kwa kudhani ni njia ya mkato ya kukwepa masomo magumu. Wakae naye, wamwite na mwalimu, waangalie kipaji na alama pamoja.

Wamunyu ilionyesha kwamba mkono wa fundi unaweza kulisha nyumba. Kijana wa leo ana mkono huo huo. Linalobaki ni gredi zake kumfungulia mlango, na kazi hiyo haianzi siku matokeo yanapotoka. Inaanza muhula huu.