Nguvu Itokayo Juani

Mkulima wa Paya ainuapo jembe lake alfajiri, nguvu iliyo mkononi mwake asili yake ni jua. Jua liliwaka juu ya wimbi na muhogo, jani likaunasa mwanga, na kwa maji na hewa likafanya chakula, naye akala. Ng'ombe avutaye plau ni vivyo hivyo, kwa njia ya majani. Wala jani halinasi mwanga wote unaolifikia. Ni kidogo tu, yapata sehemu moja katika mia, na mara nyingi haitimii.

Hata umeme una asili hiyo. Jua huinua mvuke kutoka Ziwa Viktoria, mvuke hurudi kuwa mvua, na maji yatokayo ziwani huzungusha mitambo ya bwawa la Jinja lililofunguliwa mwaka 1954, liitwalo leo Nalubaale. Nyaya zake hupita Tororo kwenda Kenya.

Nguvu hiyo haipotei. Hubadilika tu, na kila ibadilikapo sehemu yake hutawanyika, ikawa joto lisilomfaa mtu. Hapo ndipo penye shida ya mkaa. Mti uliokusanya jua miaka ishirini huchomwa chini ya udongo kwa siku chache, na zaidi ya nusu ya nguvu yake huondoka kabla gunia halijafika sokoni Busia. Mnunuzi hulipa bei ya gunia. Kilichokwenda na moshi hakilipwi na mtu. Na maharage huiva vilevile kwa matawi makavu, mti wenyewe ungali umesimama, ukikusanya.