Ugonjwa wa Akili: Mwenendo wa Mgonjwa na Wajibu wa Jirani

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Matogoro, Manispaa ya Songea



Mtu akiugua malaria, homa huonekana mwilini na jirani huja kumpa pole. Maradhi ya akili hujidhihirisha kwa njia nyingine: hubadili mwenendo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa huhukumiwa kabla ya kuhurumiwa.

Mwenye sonona huacha shamba lisipaliliwe ilhali wenzake wako kondeni. Usiku hapati usingizi, asubuhi hana nguvu, chakula hakimwingii, na msibani haonekani. Majirani husema amekuwa mvivu, au anaringa. Mwenye skizofrenia husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kwake ni za kweli kama sauti ya mtu aliyesimama mlangoni. Akizijibu, watoto humcheka. Akiamini kuwa ametiliwa sumu, hukataa chakula cha mkewe, na nyumba nzima huona imetukanwa. Mwenye bipola huweza kukesha siku kadhaa akizungumza bila kituo, akauza mahindi yote ya ghalani kwa ajili ya mipango mikubwa, kisha akazama katika huzuni nzito. Huo si ufidhuli wala ukosefu wa malezi. Ni dalili za maradhi.

Namna watu wanavyozipokea dalili hizo huamua mengi. Familia nyingine humficha mgonjwa kwa aibu. Nyingine huamini amerogwa, miezi ikapita na fedha zikaisha kwa waganga, huku maradhi yakizidi. Akianza kupiga kelele hufungwa kamba. Kamba hukata mikono, maradhi haiyagusi. Barabarani hutupiwa mawe, naye, ambaye tayari anaamini kuwa anaandamwa, sasa anaandamwa kweli. Siku akigeuka kujitetea, husemwa kuwa vichaa wote ni wakali. Hivyo woga wa mtaa huzaa ghasia ile ile iliyoogopwa. Ukweli ni kwamba wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu. Mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa.

Historia ya nchi hii ina funzo. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, na kwa miongo mingi kutibiwa kulimaanisha kupelekwa mbali na ndugu. Baadaye vilianzishwa vijiji vya kilimo, kikiwemo cha Vikuruti karibu na Dar es Salaam, ambamo wagonjwa walilima na kuishi maisha ya kawaida wakiendelea na matibabu. Katika miaka ya 1980 mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ilifanyiwa majaribio ya kuingiza huduma hizo katika zahanati na vituo vya afya. Funzo ni kwamba wengi hupata nafuu wakiwa karibu na watu wao, mradi watu hao wawapokee.

Basi, dalili zikianza, familia ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Songea. Asiye na uwezo aulize ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa malipo. Mgonjwa akikataa kwenda ilhali hali yake ni ya hatari, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumfikisha kwenye matibabu. Mwenyekiti wa mtaa na polisi waombwe msaada mapema.

Akiwa katika fadhaa, azungumze naye mtu mmoja anayemwamini, kwa sauti ya chini, bila kubishana naye juu ya anayoyasikia. Panga na majembe yaondolewe, watoto wasogezwe, naye aachiwe nafasi. Akitamka kwamba anataka kufa, asikemewe wala asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa nyingi huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Baadhi huleta usingizi, kutetemeka au kunenepa. Hayo aelezwe mhudumu, kwani dawa inaweza kubadilishwa au kupunguzwa. Kuiacha ghafla kwa kuwa mtu ameonekana mzima ni sababu kubwa ya maradhi kurudi. Anayetaka kusali na asali, lakini sala isichukue nafasi ya dawa.

Mtihani mkubwa huja baada ya nafuu. Aliyepona hurudi mtaani akakuta jina la "kichaa" linamngoja: hapewi kibarua, kikundi cha kuweka akiba hakimtaki, neno lake kikaoni halisikilizwi. Hospitali haina dawa ya jambo hilo. Dawa yake iko mikononi mwa wakazi: kumwita kwa jina lake, kumpa kazi anayoiweza, na kumkumbusha siku yake ya kliniki kama anavyokumbushwa mgonjwa mwingine yeyote.