Mavazi ya Nyumbani kwa Mwenye Kuumwa na Viungo

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imenipa heshima ya kusimama mbele yenu ili niseme maneno machache juu ya jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana kuwa dogo, nalo ni nguo. Sisemi juu ya nguo za arusi wala za sikukuu, bali nguo tuvaazo kila siku majumbani mwetu, na hasa nguo za mtu ambaye viungo vyake vinamuuma. Huenda mtu akauliza, "Je, chama cha kusaidiana kina haja gani na vifungo vya shati?" Nami naomba mnisikilize hata mwisho, kisha mhukumu wenyewe.

Kwa sababu ya kazi yangu ya ukarani, daftari la mahudhurio liko mikononi mwangu. Ndani yake huonekana jinsi mzee ambaye hakuwa akikosa mkutano anavyoanza kukosa mmoja, kisha miwili, na mwishowe jina lake likawa halina alama kabisa. Udhuru unaoletwa ni ule ule: "Mzee hajisikii vizuri." Lakini ukienda kumjulia hali wamkuta ameketi barazani, akili yake timamu, na maneno yake yamejaa busara kama zamani. Kinachomzuia si miguu peke yake. Vidole vyake haviwezi tena kufunga vifungo wala kamba za viatu, naye haoni vema kusimama mbele ya watu bila koti na tai.

Tena kuna lililo zito zaidi. Mwanawe yuko kazini mjini, na aliyebaki nyumbani ni mkaza mwana. Katika desturi za makabila yetu mengi, heshima iliyopo baina ya mzee na mkaza mwana hairuhusu huyo mama kijana amfunge mzee suruali wala amvike shati. Basi mzee huona heri kukaa na shuka lake siku baada ya siku kuliko kuivunja heshima hiyo. Bibi mkongwe naye, ambaye mabega yake hayainuki, huvaa gauni lile lile siku nyingi kwa kuwa kulivua ni mateso, na kumwomba mtu msaada ni aibu. Hivyo kifungo kidogo huwanyima wazee wetu nafasi ya kutoka, nasi hutunyima shauri lao. Hiyo ndiyo sababu ya kulileta jambo hili hapa.

Yafaa kwanza tuutambue ugonjwa wenyewe. Sisi huyaita maumivu yote ya viungo kwa jina moja la baridi yabisi, lakini madaktari huyagawa kuwa ya namna nyingi, nami nitataja tatu. Namna ya kwanza ni ile ya gegedu kulika, yaani kile kitu kiteleziacho kilichofunika ncha za mifupa mahali inapokutana. Hii aghalabu hushika magoti, nyonga, na vidole vya mikono ya watu wenye umri mkubwa. Namna ya pili ni ile ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Hii huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na huweza kumpata hata mtu ambaye hajawa mzee. Alama yake moja ni mikono kukakamaa asubuhi kwa muda wa saa nzima au zaidi. Namna ya tatu ni jongo. Hilo huletwa na chembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya katika kiungo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na uchungu wake huweza kuanza usiku kwa ukali hata uzito wa shuka usivumilike.

Jina la baridi yabisi limewafanya wengi waamini kwamba ugonjwa huu huzaliwa na baridi. Sivyo. Baridi haiuumbi ugonjwa, ijapokuwa wagonjwa wengi husema kwamba asubuhi ya baridi viungo vyao hukakamaa zaidi, na ni kweli kwamba joto huvilegeza. Kwa hiyo mtu wa Limuru au Kinangop katika miezi ya Juni na Julai ana haja ya mavazi ya joto kuliko mtu wa Mombasa. Lakini na ajue kwamba kujifunika sana hakumponyi. Tena si uzito wa nguo uletao joto. Nguo mbili nyepesi, kama fulana ya pamba na sweta laini juu yake, huhifadhi joto vizuri, na mabega yaumayo hayachoki kuzibeba kama yanavyochoka kwa koti moja zito.

Wazee wangu, mkiyatazama mavazi ya zamani ya pwani yetu, mtaona kwamba hayakuwa na taabu hii. Kikoi hakina kifungo hata kimoja. Kanzu ni pana, nayo haibani mahali popote. Leso za mama zetu, ambazo jina lake latokana na Kireno, zilianza katika karne ya 19 kwa kuunga pamoja vitambaa vya mraba, na hata leo mama huivaa kwa kuizungusha mwilini tu. Sisemi kwamba turudi nyuma na kuziacha suruali na mashati. Nasema tujifunze kanuni iliyo ndani ya nguo hizo: nguo na imfuate mtu, mtu asilazimishwe kuifuata nguo.

Sasa nitaeleza mambo ambayo fundi wa cherehani yeyote aweza kuyafanya kwa gharama ndogo.

Kwanza, shati. Wala halina haja ya kutupwa. Fundi na azishone tundu za vifungo zizibe, kisha avishone vifungo juu yake vionekane kama kawaida, na chini yake aweke vipande vya utepe wa kugandisha, ule ujulikanao kwa jina la Velcro. Utepe huu ulibuniwa na mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, baada ya kuona mwaka 1941 jinsi mbegu za porini zilivyong'ang'ania nguo zake na manyoya ya mbwa wake, kama vile mmea wetu wa kishona-nguo utufanyiavyo tupitapo shambani. Shati lililotengenezwa hivyo hufungwa kwa kulibonyeza tu kwa kiganja, wala atazamaye hajui. Wakati wa kufua, utepe na ufungwe kwanza, usije ukashika nyuzi za nguo nyingine. Vifungo vya mkononi vishonwe kwa uzi wa lastiki, ili mkono upite bila ya kuvifungua.

Pili, suruali na sketi. Kiunoni patiwe lastiki pana isiyobana, mahali pa kifungo na mshipi. Penye zipu, pafungwe kigwe au pete katika ule ulimi wake, ili mtu aivute kwa kidole kizima badala ya kuibana kwa ncha za vidole. Neno hili si la uzuri tu. Mzee aamkaye usiku kwenda msalani, na vidole vimekakamaa, hana nafasi ya kupigana na kifungo. Wengi wamepatwa na fedheha ambayo kipande cha lastiki kingaliwaepusha nayo.

Tatu, gauni na nguo za ndani za mama zetu. Zifaazo ni zile zifungukazo mbele tangu juu hata chini, maana mkono usioweza kuinuka juu ya bega hauwezi kufunga kitu mgongoni wala kupitisha gauni kichwani. Lile gauni la zamani na lipasuliwe mbele, liwekewe utepe.

Nne, pindo. Kanzu, gauni au leso inayoburura chini ni mtego kwa mwenye magoti mabovu. Anguko moja laweza kuvunja nyonga, na mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi harudi katika nguvu zake za kwanza. Basi pindo na liishe juu ya kifundo cha mguu.

Tano, viatu. Kandambili ni rahisi kuvaa, lakini huteleza, na hazikishiki kisigino. Afadhali kiatu kipana upande wa vidole, chenye soli isiyoteleza na mkanda wa kugandisha mahali pa kamba. Mwenye jongo asivae kabisa kiatu kinachobana kidole gumba. Asiyeweza kuinama na achongewe ubao mwembamba mrefu wa kuingizia kisigino. Hali kadhalika, fimbo nyepesi yenye kulabu ndogo mwishoni yatosha kuvutia suruali juu au kusogeza koti begani.

Haya hayadai fedha nyingi. Katika masoko ya mitumba, kama Gikomba kule Nairobi, hupatikana sweta laini zifungukazo mbele na suruali za lastiki. Anunuaye kwa ajili ya mzee na achague saizi moja zaidi ya ile ya zamani, na apitishe mkono wake ndani ya kila mkono wa nguo, apime kama utapita bila kukwama.

Kuna pia namna ya kuvaa. Kanuni yake ni fupi, nanyi mnaweza kuwafundisha hata wajukuu: upande unaouma uingie kwanza na utoke mwisho. Yaani, kama bega la kulia ndilo linalouma, mkono wa kulia utangulie kuingia katika shati. Na wakati wa kuvua, mkono wa kushoto ndio utangulie kutoka. Mtu na avae akiwa ameketi juu ya kiti imara chenye mikono, nyayo zake zikiwa zimetulia chini, wala asisimame kwa mguu mmoja. Na asiharakishe. Kwanza aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu, akunje na kukunjua vidole polepole, ndipo ashike nguo.

Neno juu ya mapambo. Wengi wetu huvaa bangili ya shaba wakitumaini kwamba itaondoa maumivu. Majaribio yaliyofanywa Uingereza, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013, hayakuona kwamba bangili ya shaba iliwafaa wagonjwa kuliko vitu vya kuigiza. Aipendaye kwa urembo na aivae, mradi haimbani. Lakini pete katika kidole kinachoanza kuvimba ivuliwe mapema, kabla haijahitaji kukatwa. Wala kitambaa kifungwacho gotini kisikazwe sana. Mguu ukifa ganzi au ukivimba chini ya kitambaa, na kilegezwe mara moja.

Nisije nikaeleweka vibaya: nguo si dawa. Kiungo kikivimba ghafula, kikawa chekundu na cha moto, na mtu akashikwa na homa, na apelekwe hospitali siku ile ile, maana huenda kuna vijidudu ndani. Na yule ambaye mikono yake hukakamaa kila asubuhi kwa majuma mengi asingoje mpaka vidole vipindike. Kuna dawa zinazozuia madhara hayo zikianzwa mapema.

Sasa nafika kwenye maombi yangu kwa Chama. La kwanza ni juu ya ile desturi yetu ya koti na tai mikutanoni. Najua kwamba ililetwa kwa nia njema, ili kuonyesha heshima. Wala si sisi peke yetu tunaoshindana na neno hili: mnamo Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Bwana Moses Wetang'ula, aliikataza bungeni hata suti ya Kaunda, vazi lisilo na tai, lililopata jina lake kwa Rais wa kwanza wa Zambia. Bunge lina sheria zake. Sisi tuna zetu, nazo tunaweza kuzitengeneza. Naomba mkutano huu uamue kwamba mwanachama aumwaye viungo aje na kanzu, au shati lisilo na tai, au sweta, na viatu vya wazi, wala asitazamwe kwa jicho baya. Heshima ya mkutano wa wazee ni wazee wenyewe kuwapo.

La pili, naomba upande wa akina mama, wenye ujuzi wa cherehani, utenge siku moja katika kila miezi mitatu kwa kutengeneza nguo za wazee namna nilivyoeleza, na Chama kinunue lastiki, uzi na utepe. La tatu, katika ukumbi wetu viwekwe viti vichache vyenye mikono, karibu na mlango, viwe vya wazee hao.

Nasi vijana tusione kwamba haya si yetu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Vidole vinavyoandika barua na kuhesabu fedha leo, kesho vitatafuta tundu la kifungo visilione. Tukiwashonea baba zetu sasa, tumejishonea wenyewe.

Bwana Mwenyekiti, wahenga walisema muungwana ni kitendo. Nayaweka maombi haya matatu mezani, ili yajadiliwe na kupigiwa kura kabla ya mkutano kufungwa. Natumaini kwamba mwakani, nitakapolifungua daftari la mahudhurio, nitaziona tena alama mbele ya majina ambayo sasa hayana kitu.